Shangazi na Visu Visivyoteleza

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi atalifunga kabati la visu la jiko la hospitali yetu, atakabidhi ufunguo, na atakwenda zake nyumbani akiwa mstaafu. Atakuwa ametumika miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa amenisisitizia mwenyewe nisizisahau. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wapishi wakuu watano, ameliona jiko la kuni likigeuka la mvuke na la mvuke likigeuka la gesi, na amechelewa kazini mara moja tu. Siku hiyo nitaifikia.

Mimi ninayeandika ni mama wa mboga, msimamizi wa meza hiyo. Nimekuwa jirani yake wa dirisha moja kwa miaka ishirini na mitano. Karani wa jarida letu ameniomba niandike habari za Shangazi na si habari zangu, niwe na adabu, na nisizidishe porojo. Nimemwahidi mawili kati ya hayo matatu.

Kwanza, hilo jina. Alipoajiriwa alimkuta mtoto wa kaka yake akiosha masufuria hapa, na kila yule bwana alipomwita shangazi, jiko zima liligeuza shingo. Baada ya miezi minane mpwa akapata kazi ya udereva kwingine, akaondoka. Jina likabaki. Leo wanamwita Shangazi hata wazee ambao wangeweza kumzaa. Mkurugenzi aliyepita aliwahi kumwandikia barua rasmi inayoanza na Ndugu Shangazi. Akaikata, akaanza upya, akakwama, kisha akairudisha vilevile kwa sababu la kwenye faili hakulijua.

Alianzia kwenye viazi, kama sisi sote. Mpishi mkuu wa wakati huo alikuwa bwana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, na hakuna mgeni aliyempita bila kutolewa kasoro. Alisimama nyuma ya Shangazi kutwa nzima akiitafuta hiyo kasoro. Jioni akakiri mbele ya watu kwamba maganda ya huyu mama ni membamba mno, mbuzi wa majirani watalala njaa. Kwa wanaomkumbuka, hiyo ilikuwa sifa, tena ya kuwekwa kwenye fremu.

Mwaka wa tatu alihamia meza ya nyama, na mwaka wa sita akapewa kabati la visu na cheo cha mtunza vifaa. Aliyemtangulia alikuwa ameiweka orodha yote ya vifaa kichwani, na alipostaafu aliondoka na kichwa chake. Shangazi akahesabu upya. Alipata visu thelathini na kimoja, kumi na sita vyenye makali, na kimoja kilichokuwa kikifungulia makopo ya rangi. Alikaa nacho hicho kwenye kinoo siku mbili, akakirudisha kundini.

Sheria zake mnazijua. Kisu hakiazimwi bila kusema kinakwenda kukata nini. Kisu hakilali kwenye sinki. Kisu hakipokelewi kwa mkono wenye sabuni. Fundi umeme mmoja aliwahi kuchukua kisu cha vitunguu bila ruhusa akakichunia nyaya. Shangazi hakumgombeza. Alimfungia kiunoni aproni safi, akamweka mbele ya kapu la vitunguu, akamwambia akitumie sasa kwa kazi yake. Fundi alilia mpaka saa saba. Tangu siku hiyo idara yao wana koleo lao.

Masikio yake nayo ni ya kipekee. Ukinoa kisu yeye yuko mlango wa pili anapima mchele, utasikia tu anasema bado. Ukiongeza mara tano sita, anasema basi, punguza tamaa. Hajawahi kukosea, na wala hajui anasikia nini. Mumewe, fundi baiskeli, anasema nyumbani ni hivyohivyo, kwamba mke wake anaijua spoku iliyolegea akiwa jikoni anakaanga. Watoto wao wawili, mabinti, walikua wakidhani mama wote duniani wako hivyo.

Sasa nifike kwenye mipini, maana wasifu wa Shangazi usio na mipini ni chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

Miaka ishirini na mmoja iliyopita tulipata taarifa kwamba mkaguzi wa afya anakuja. Visu vyetu wakati ule vilikuwa na mipini ya mbao ya zamani, iliyokwisha kuwa ya kijivu na kukakamaa kwa maji ya moto. Kukata vilikata vizuri, lakini kuonekana vilionekana kama vimeokotwa. Shangazi aliona haya kwa niaba yake na kwa niaba ya jiko zima. Seremala wa hospitali alikuwa amebakiza kopo la vanishi baada ya kupaka mabenchi ya wagonjwa wa nje. Shangazi akaliomba. Jumamosi na Jumapili ile alipiga mipini yote msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, akaipaka vanishi mikono mitatu, akaitundika ukutani ikauke.

Jumatatu jiko liling'aa. Mkaguzi alisimama mbele ya ule ukuta wa visu akatabasamu, jambo ambalo wenzetu wa muda mrefu hawakuwahi kuliona. Akaandika kwenye ripoti yake kwamba vifaa vya kukatia viko katika hali ya kupendeza. Mpishi mkuu alipiga makofi. Shangazi alitembea siku tatu shingo juu, na tulimwachia, kwa sababu alistahili.

Siku ya nne tulikuwa na maboga. Boga lina ganda gumu nje na utelezi ndani, na ukishakata mawili matatu, mikono yako inakuwa imepakwa ute wote. Kwenye boga la tatu, aliyekuwa zamu alisimamisha kisu, akakisukuma ncha iingie, na mkono ukateleza kwenye ule mpini unaong'aa ukashuka mzimamzima hadi kwenye makali. Wahenga wanasema mwenye kushika mpini ndiye mwenye nguvu, anayekatwa ni aliyeshika makali. Huyu alikuwa ameshika mpini kama alivyofundishwa.

Mkono huo ni wangu. Karani anisamehe, hapa sina namna ya kuandika habari za Shangazi nikajiruka.

Kisu kilikata kano za kidole cha shahada na cha kati, zile kamba ngumu zinazokunja vidole. Bahati yangu nilikuwa hospitalini tayari, nilitembea mwenyewe hadi chumba cha upasuaji, aproni ikiwa imefungwa mkononi mwangu. Aliyenifunga ni Shangazi. Alinisindikiza hadi mlangoni. Waliniunga. Daktari akaniambia vidole vitakunja, ila nguvu ya kushika ni ya kusubiri na kuona. Ofisi nayo ikanipa miezi sita. Nikiweza kushika kisu, nirudi mezani kwangu. Nisipoweza, nitahamishiwa chumba cha kufulia, kukunja mashuka.

Sina ugomvi na mashuka. Lakini mimi kisu ndiyo kazi niliyoijua, ndiyo iliyonitoa kwetu ikanisimamisha, na nilikuwa na miaka ishirini na minane tu. Nililala wodini nikijaribu kukunja ngumi, na ngumi haiji.

Kesho yake asubuhi, saa moja na robo, Shangazi alitokea mlangoni mwa wodi na sare yake ya kazi. Zamu yetu huanza saa moja. Hiyo ndiyo siku pekee aliyochelewa katika miaka thelathini na minne, kama mlikuwa mnasubiri. Alisimama miguuni pa kitanda, akauangalia mkono uliofungwa, akauliza neno moja: "Mkono?" Nikajibu: "Upo." Akaondoka.

Nilitegemea samahani. Haikuja siku ile, wala siku ya pili, wala mwaka ule. Niseme ukweli, maana hii ni sherehe ya mtu mkweli: nilimwekea kinyongo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama punje ya mchele ndani ya kiatu, unatembea nayo tu, siku nyingine unaisahau, siku nyingine inakuchoma.

Yeye huko jikoni alikuwa ameanza vita na mipini. Jioni ileile ya ajali aliikwangua vanishi yote, kisu kimoja baada ya kingine, kwa kipande cha kioo. Akagundua kwamba haitoshi. Mbao sasa zilikuwa laini mno kwa ule msasa wake, na kwenye maji zinateleza vilevile. Ndipo yakaanza majaribio ambayo wenzangu walinisimulia nikiwa nyumbani na mkono kwenye kitambaa cha shingoni.

Alianza na kamba ya katani, akaizungusha mpini mzima na kuibana kwa fundo. Ilishika vizuri siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa imekunywa maji ya vitunguu na samaki, jiko likanuka mpaka wauguzi wa ghorofa ya juu wakatuma mtu kuuliza kimekufa nini. Akaja na plasta za duka la dawa. Zilishika wiki nzima, halafu moja ikabanduka ikasafiri ndani ya kabichi hadi kwenye sahani ya mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa muungwana, alisema tu kwamba hakuumia mahali popote.

Kisha akahamia kwenye tyubu za baiskeli. Alizikata vipande, akavivalisha mipini kama soksi. Mumewe akaanza kulalamika kwamba tyubu za wateja zinaota miguu. Mpira ule ulikuwa mzuri mkavu, lakini ukipata maji ya moto ulilegea na kuzunguka, mkono unakwenda huku kisu kinakwenda kule. Akautupa. La mwisho kati ya yale ya kukata tamaa lilikuwa kupaka gundi na kunyunyizia mchanga. Kile kisu kilishikika kweli. Mpishi wa nyama alikishika asubuhi, na saa sita akaenda kwa muuguzi na kiganja kimechubuka kama kilichopita kwenye kikunio.

Watu wakamwambia Shangazi apumzike, ofisi italeta visu vipya. Akajibu kwamba visu vipya vitashikwa na mkono wa nani. Hapo ndipo walipoelewa kwamba hatafuti mpini wa jiko. Alikuwa anatafuta mpini wa mkono mmoja, na mkono wenyewe ulikuwa nyumbani unajifunza kushika kijiko.

Mwezi wa tatu akanifuata kwangu. Alikuja na bakuli lililofunikwa. Nikadhani ameniletea chakula, moyo ukalainika kidogo. Kumbe ni donge la unga wa ngano uliokandwa kwa maji na chumvi nyingi, gumu kuliko wa mkate. Akalifinyanga kama kijiti kinene, akaniambia: "Lishike kama unavyoweza. Si kama zamani, kama unavyoweza leo." Nikalishika. Vidole viwili vilibonyeza barabara, viwili vikagusa tu kama vinaomba radhi, na kidole gumba kikakaa mahali ambapo si pake. Shangazi akalichomoa taratibu, akaliangalia huku na huku, akalifunika, akaaga. Chai hakunywa.

Akaliweka kwenye oveni ya jikoni kwa moto mdogo, likauke ligeuke jiwe. Nia yake ilikuwa kulipeleka kwa seremala. Lakini dereva wa gari la wagonjwa alipita pale na kikombe cha chai, akaona kitu cha rangi ya mkate kimepumzika kwenye trei, akakila. Chote. Alisema baadaye kwamba chumvi ilizidi kidogo lakini yeye ni mtu asiyependa kulalamika. Shangazi akarudi kwangu na bakuli la pili. Safari hii nilicheka mpaka mkono ukauma, na chai alikunywa.

Donge la pili lilifika kwa seremala likiwa salama, limefungwa kwenye taulo. Seremala alichonga mpini kulifuata bonde kwa bonde. Mbele, pale kidole cha shahada kinapoishia, Shangazi alimwambia aache ukingo ulioinuka, ili mkono ukishuka ukutane na ukuta kabla ya kukutana na makali. Nyuma akamwambia aunenepeshe, ili kisu kisichomoke kiganjani ukikivuta. Kisha yeye mwenyewe akachukua tupa ndogo akachora mistari ya kukatishana pande zote mbili, isiyo na kina, ya kutosha tu kushika ngozi iliyolowa. Hakupaka vanishi. Alipaka mafuta ya kupikia, akaufuta, akaupaka, akaufuta, wiki nzima.

Siku niliyorudi, mwezi wa tano na nusu, jiko lilijaa watu wenye shughuli za ghafla. Mpishi wa nyama alikuwa anafuta meza iliyokwishafutwa. Dereva alikuwa na kikombe chake, mbali na oveni. Shangazi akafungua kabati, akanipa kisu, akanisogezea nyanya. Nikakataa nyanya. Nikaomba boga.

Nikachovya mikono kwanza kwenye ute wa boga lililokuwa limeshafunguliwa, makusudi, viganja vyote viwili. Nikasimamisha kisu, nikasukuma. Ncha ikaingia. Mkono ukashuka kidogo, ukagota kwenye ule ukingo, ukabaki pale pale. Vile vidole viwili vilivyokuwa vinaomba radhi vilikuwa vimekaa ndani ya mabonde yao, na bonde lilikuwa linavishikilia vile vyenyewe vilivyoshindwa kushikilia. Boga likapasuka katikati. Nikageuka kumtafuta Shangazi, na yeye alikuwa amegeukia ukutani anamfokea mtu kwa kuacha bomba wazi. Bomba lilikuwa limefungwa.

Mkaguzi yuleyule alirudi mwaka uliofuata. Kufikia hapo watu kumi na mmoja walikuwa wameshika donge na kuchongewa mipini yao, kwa sababu wivu nao ni kitu, na kila mtu aligundua kwamba mkono wake ni wa pekee. Mkaguzi akaitazama mistari, akasema itaficha uchafu. Shangazi hakubishana. Alichukua brashi na maji yanayochemka, akasugua kisu kimoja mbele yake, akamkabidhi na hadubini ya maabara aliyokwisha kuiazima, achungulie. Alipoona amesitasita bado, akampa mafuta ya kuku ajipake kiganjani, akamwekea kisu kimoja kipya chenye mpini wa kung'aa na kimoja cha kwetu, akamwomba akate kabichi kwa chochote atakachochagua. Mkaguzi alivishika vyote viwili kwa muda. Kabichi hakukata. Alikiweka chini kile cha kung'aa kwa uangalifu sana, akatia sahihi.

Tangu hapo mgeni yeyote wa jiko hili, siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi, hupewa donge la unga alishike. Madonge yamepangwa kwenye rafu juu ya kabati, ishirini na sita, kila moja na lakabu ya mwenyewe chini yake. Yalipoanza kutobolewa na wadudu, Shangazi alikumbuka lile kopo la vanishi, akayapaka. Kwa hiyo vanishi nayo ilipata kazi yake halali. Mpishi wa uji alipofariki, binti yake alikuja kuchukua vitu vya baba. Shangazi alimteremshia lile donge. Binti alitia vidole vyake kwenye mabonde ya vidole vya baba yake, na sisi tukaendelea kumenya karoti.

Na kila asubuhi, miaka ishirini na mmoja, Shangazi anaponipa kisu changu huuliza: "Mkono?" Nami hujibu: "Upo." Basi. Hatujawahi kuongeza neno. Punje yangu ya mchele ilibaki kiatuni, ndogo, lakini ipo.

Mwezi uliopita karani alinipa faili la Shangazi ninakili tarehe za wasifu huu. Nililifungua ili nijue alipandishwa cheo lini. Nikakuta karatasi mbili zimebanwa pamoja, za mwaka ule wa ajali. Ya kwanza ni ripoti ya ofisi kuhusu mkono wangu. Mstari wa mwisho unasema chanzo ni mfanyakazi kutokuwa makini. Mstari huo umekatwa kwa kalamu nyekundu. Karatasi ya pili ni mwandiko wa Shangazi, ule wa herufi zilizosimama wima kama visu ukutani. Ameandika kwamba mfanyakazi alikuwa makini, kwamba mipini aliilainisha na kuipaka vanishi yeye mwenyewe bila kumuuliza mtu kwa sababu alitaka sifa, na kwamba anaomba kosa liandikwe kwenye jina lake, na yule mama wa mboga asihamishwe mpaka miezi sita iishe. Tarehe yake ni siku ya pili ya ajali. Juu, kwa mkono wa ofisi, imeandikwa saa ya kupokelewa: saa moja na dakika hamsini asubuhi.

Kwa hiyo alichelewa kwa mambo mawili siku ile. Alitoka wodini kwangu akaenda ofisini. Na ile miezi sita haikuwa huruma ya ofisi, aliniombea yeye. Chini ya karatasi hizo lipo onyo la maandishi, la kwanza na la mwisho katika faili lake, na barua ya kusogeza mbele kupandishwa kwake cheo kwa miaka mitatu. Sikuwahi kusikia hata neno moja la hayo. Nilikaa stoo, juu ya gunia la maharage, nikalia mpaka karani akaja kuuliza kama tarehe ni ngumu kusoma.

Nilipofuta macho nilikwenda kuangalia rafu. Nilihesabu madonge mara mbili. La Shangazi halipo. Ametupima sote, ametuchongea sote, na yeye amekuwa akitumia kisu kile cha boga. Alikiondoa ukutani asikishike mtu mwingine, akakifanya chake, na mpini wake ni uleule alioukwangua kwa kioo, laini, unaoteleza, anaoushika kwa kipande cha kitambaa kikavu. Miaka ishirini na mmoja nimemwona na kile kitambaa nikidhani ni usafi.

Tukapanga njama. Mpishi wa mikate alikanda donge, akamwambia Shangazi kuna mgeni anakuja Jumatatu, amwangalizie kama limekaza. Shangazi huwa analibinya mara moja, anasema linafaa, analirudishia umbo. Alipolibinya tu, mpishi wa mikate akamnyang'anya akakimbia nalo, mtu mzima wa kilo tisini na tano. Seremala wetu alishastaafu zamani, kwa hiyo kuchonga nimechonga mimi, jioni za wiki tatu, kwa mkono huuhuu. Vipande viwili vya mbao niliviharibu. Cha tatu kimekubali. Ukingo mbele, unene nyuma, mistari ya tupa pande zote mbili. Mafuta nimepaka na kufuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jana, ulipokwenda kupima mchele, Shangazi, tuliung'oa mpini wa zamani kwenye kisu chako tukautia huu.

Naongea na wewe sasa, maana jarida linatoka Ijumaa asubuhi na najua hulisomi mpaka umalize kugawa visu. Kwa hiyo utakuwa umeshalifungua kabati, umeshakiona kisu, na huenda umeshamfokea mtu kuhusu bomba. Kisu hicho kimetoka kwenye orodha. Ni chako, nenda nacho, na kile kitambaa kiache hapa tufutie meza.

Kwa niaba ya jiko, wodi zote zilizokula kwa mikono yako, na hata fundi umeme, tunakushukuru. Tunakuombea uzee wenye afya, mume asiyeficha tyubu zake, wajukuu wa kukuchosha kidogo, na usingizi wa mtu asiye na deni na yeyote. Nimesema na yeyote, na naandika nikijua ninachosema.

Jumatatu saa moja asubuhi hapatakuwa na wa kuniuliza. Nakujibu mapema, na safari hii naongeza maneno: mkono upo, Shangazi, uliushika wewe.